Kugeuza Orodha Ndefu Kuwa Hazina ya Viungo

Somo letu la muhula huu lahusu kompyuta, lakini asiyepata kuigusa hata siku moja asifunue ukurasa mwingine, maana kiini cha somo ni jambo ambalo kila mwenye kamusi amekutana nalo. Chukua kamusi mbili za Kiswahili. Katika ile ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson, ukitaka neno mpishi huna budi kujua kwanza kwamba latoka katika kitenzi pika, ndipo ulitafute huko, kwenye herufi P. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 neno mpishi limewekwa mahali pake, kwenye herufi M. Kamusi ya kwanza huweka ndugu wa tumbo moja katika nyumba moja, lakini humsumbua mgeni asiyejua nyumba yao. Ya pili humfikisha mgeni upesi, lakini ndugu wametawanyika, na asiyeambiwa hatajua kwamba mpishi, upishi na mapishi ni jamaa.

Karatasi haiwezi kufanya yote mawili bila kuandika jambo moja mara nyingi. Kompyuta yaweza. Mwaka 1965 Mmarekani aitwaye Ted Nelson alilipa jambo hilo jina, nasi tutaliita haipateksti: maandishi ambayo hayasomwi kwa mstari mmoja tangu mwanzo hata mwisho, bali yamekatwa vipande, na ndani ya kila kipande mna maneno ambayo ukiyagusa hukupeleka kwenye kipande kingine. Neno hilo lenye kukupeleka twaliita kiungo. Wasomaji wanaotumia intaneti hugusa viungo kila siku, kwa kuwa mtandao alioupendekeza Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1989 umejengwa kwa njia hiyo hiyo. Lakini viungo havihitaji intaneti. Hazina nzima ya viungo yaweza kukaa ndani ya mashine moja isiyounganishwa na kitu chochote, na hilo ni jambo la kutazamwa sana na shule ambazo waya wa intaneti haujafika.

Sasa swali: mtu mwenye orodha ndefu iliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida aigeuzeje kuwa hazina ya namna hiyo? Hatuwezi kujibu vizuri kwa maneno matupu. Basi tutachukua orodha moja ya kweli, mashuhuri miongoni mwa watunga programu, tuitazame kwa karibu.

Orodha hiyo ni ya makatizo, nayo ilitunzwa kwa miaka mingi na Bwana Ralf Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, katika mji wa Pittsburgh huko Marekani. Toleo la 61 lilitoka mwezi wa Julai mwaka 2000. Katizo ni nini? Kompyuta ndogo za IBM, zilizoanza kuuzwa mwaka 1981, zilikuwa na kichwa cha hesabu kilichotengenezwa na kampuni ya Intel. Kichwa hicho kikiambiwa neno INT pamoja na namba, huacha kazi kilichokuwa kikifanya, huenda mwanzo wa kumbukumbu ya mashine, hutazama pale anwani ya fundi mwenye namba ile, humwendea, na fundi akimaliza hurudi kuendelea na kazi ya kwanza. Mafundi ni 256, anwani ya kila mmoja yachukua baiti 4, kwa hiyo jedwali zima ni baiti 1024. Namba zao huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo baada ya 9 huendelea na A, B, C hata F. Kwa hiyo INT 21 si ishirini na moja kama tuhesabuvyo sisi, bali ni 2 mara 16, ujumlishe 1, yaani 33.

Fundi mmoja hujua kazi nyingi. Ili kumwambia ni kazi ipi, mtunga programu huweka namba ya kazi katika kisanduku kidogo kiitwacho rejista, na mara nyingi rejista yenyewe ni AH. Fundi INT 21 ni wa DOS. Ukiweka 09 katika AH ataandika maneno kwenye kioo mpaka akute alama ya dola, hapo ndipo asimame. (Kwa hiyo kazi hii haiwezi kuandika bei ya kitu kwa dola, jambo lililowachekesha wengi.) Ukiweka 4C ataifunga programu yako. INT 10 ni wa kioo, INT 16 ni wa kibodi, INT 13 ni wa diski.

Kampuni zilizotengeneza mashine na programu zilieleza baadhi ya kazi hizo katika vitabu vyao, na nyingine zilinyamaza. Watunga programu wa nchi mbalimbali walizigundua wenyewe kwa kujaribu na kuchunguza, wakampelekea Bwana Brown walichokiona, naye akakipanga. Ndiyo maana mwaka 1990 alikuwa mmoja wa waandishi wa kitabu kilichoitwa Undocumented DOS, chenye kueleza mambo ya DOS ambayo wenyewe hawakuyaandika. Orodha ilikua hata ikafika mamilioni ya herufi. Tukifanya hesabu ya darasani: ukurasa wenye herufi 2500, kila herufi milioni moja ni kurasa 400. Nani atakayefunua kurasa kama hizo usiku wa manane, programu yake imekwama, akitafuta mstari mmoja?

Hapo ndipo watu mbalimbali walipoanza kuigeuza. Wengine waliipeleka katika Norton Guides, programu iliyojificha ndani ya kumbukumbu na kutokea juu ya kazi yako ulipobonyeza vitufe maalumu. Wengine waliigeuza kuwa faili za msaada za Windows, na baadaye kurasa za mtandao. Vyombo vilitofautiana, lakini kazi ilikuwa ile ile.

Kazi ya kwanza ni kukata. Bahati njema Bwana Brown alikuwa mtu wa utaratibu. Kabla ya kila ingizo aliweka mstari wa kugawa: vistari vinane, kisha herufi moja, kisha kistari, kisha namba ya katizo, ikifuatwa na namba ya AH kama ipo, na ya AL kama ipo, na mwishoni vistari vya kujaza. Herufi ile moja yaonyesha jamii ya kazi: D ni kiini cha DOS, N ni mtandao wa kompyuta, M ni kipanya, V kubwa ni kioo. Programu ya kugeuza husoma faili mstari baada ya mstari, na kila ikutapo mstari wa kugawa hufunga kadi moja na kufungua nyingine. Kuna mistari ya kugawa yenye alama ya mshangao mahali pa herufi. Hiyo haianzishi kazi ya fundi yeyote, bali maelezo ya mtunzaji mwenyewe, kama vile namna ya kumwandikia, nayo yawekwe kando.

Nitaje hapa jambo dogo lenye hatari. V kubwa ni kioo, lakini v ndogo ni virusi na programu za kupambana navyo. Mtunga programu mwenye desturi ya kugeuza herufi zote kuwa kubwa, ili mambo yafanane, atakuwa amevichanganya virusi na vioo katika fungu moja, na kompyuta haitamwonya kwa kuwa kwake yeye hakuna kosa lililotendeka.

Kazi ya pili ni kuipa kila kadi jina lake la pekee, ambalo kadi nyingine yoyote haina. Mtu atadhani namba ya katizo na ya AH zatosha. Hazitoshi. INT 2F, kwa mfano, ni kama njia panda ya soko: programu nyingi zisizojuana hukaa pale pale, kila moja ikijichagulia namba ya AH, na mara nyingine mbili huchagua namba moja. Basi kadi mbili au zaidi zitakuwa na namba sawasawa ila kichwa cha habari tofauti. Njia nyepesi ni kuzihesabu: ya kwanza ipewe 1 mwishoni mwa jina, ya pili 2, na kuendelea.

Kazi ya tatu ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo ningependa msomaji akaze macho.

Chini ya maingizo mengi Bwana Brown aliweka mstari unaoanza na SeeAlso, maana yake tazama pia. Hapo ametaja maingizo mengine yaliyo jamaa. Mwanadamu asomaye huelewa mara moja, lakini kompyuta haielewi, kwa sababu mtunzaji alifupisha. Tuseme tumo ndani ya kadi ya INT 21 yenye AH=09h, na mstari wasema AH=02h. Ni katizo lipi? Hakutaja, kwa kuwa ni lile lile tulimo, INT 21. Lakini akitaka kututuma kwingine atasema INT 10 kisha mkwaju kisha AH=0Eh. Programu ya kugeuza ni lazima ikumbuke iko katika kadi gani, na kujaza kilichoachwa.

Tazama kinachotokea ikisahau. AH=0Eh kwa fundi INT 10 ni kuandika herufi moja kwenye kioo na kusogeza kialama mbele. AH=0Eh kwa fundi INT 21 ni kuchagua diski itakayotumika tangu sasa. Namba moja, kazi mbili ambazo hazina udugu hata kidogo. Huu ni mfano mwepesi, kwa kuwa msomaji ataona haraka kwamba amepelekwa pasipomhusu.

Mfano mzito ni wa INT 13. Kwa fundi huyu wa diski AH=02h ni kusoma sehemu za diski, na AH=03h ni kuandika juu yake. Rejista nyingine zote hujazwa vile vile katika kazi zote mbili: AL hupokea idadi ya sehemu, CH na CL huonyesha njia na sehemu ya kuanzia, DH upande, DL diski yenyewe, na ES pamoja na BX huonyesha mahali katika kumbukumbu. Sasa fikiri kiungo kilichoandikwa kusoma diski kimekosewa kwa hatua moja, kikafungua kadi ya kuandika. Mtunga programu aliyechoka hatazami kichwa cha kadi. Ataona rejista azijuazo, zimepangwa azijuavyo, atanakili namba ya AH iliyo mbele yake, ataendesha programu, na diski yake itaandikwa takataka zilizokuwamo katika kumbukumbu. Barua, hesabu za duka, orodha ya alama za wanafunzi, chochote kilichokuwapo, kimekwenda. Kitabu cha karatasi kina hasara ya kuchelewesha, lakini hakimpeleki mtu mahali pasipo pake huku kikimwambia amefika. Hazina ya viungo yaweza kufanya hivyo, na kwa hiyo mwenye kuitengeneza amebeba amana ambayo mpiga chapa hakuwa nayo.

Zipo njia za kujilinda. Ya kwanza ni kupita orodha mara mbili. Katika safari ya kwanza programu haitengenezi kiungo chochote. Hukata kadi tu na kuandika majina yao yote katika daftari. Katika safari ya pili ndipo hutazama kila tajo, hulitafuta katika daftari, na kulifunga. Mwanafunzi mmoja atauliza kwa nini isifanywe kwa safari moja. Kwa sababu kadi nyingi hutaja kadi zilizo mbele yao, ambazo hazijasomwa bado, na huwezi kufunga kamba kwenye mti ambao hujaufikia.

Ya pili ni kuheshimu alama za kunukuu. Pale ambapo namba moja ina kadi kadhaa, Bwana Brown mara nyingi aliongeza baada ya namba neno moja au mawili ndani ya alama za kunukuu, yatokayo katika kichwa cha kadi aliyoikusudia. Programu itafute neno hilo katika vichwa vya kadi zote zenye namba ile. Ikipata moja, ifunge. Ikipata mbili, isichague kwa kubahatisha, bali imwonyeshe msomaji kadi zote mbili achague mwenyewe. Isipopata yoyote, iache maandishi kama yalivyo bila kiungo, na iandike tajo hilo katika faili la makosa ili mtu alitazame kwa macho yake. Mimi nashika kanuni hii bila kulegeza: tajo lisilo na kiungo ni usumbufu tu, lakini kiungo cha uongo ni mtego.

Ya tatu ni hesabu, nayo haina gharama. Hesabu mistari ya kugawa iliyomo katika orodha, uondoe ile yenye alama ya mshangao, kisha uhesabu kadi zilizotoka. Namba zikiwa si sawa, kuna kadi iliyomezwa. Hesabu tajo zote, kisha ujumlishe zilizofungwa, zilizoonyeshwa kwa uchaguzi na zilizoachwa. Zikipungua, kuna zilizoanguka njiani. Halafu chagua kadi hamsini bila kuzipendelea, ufungue viungo vyao kimoja kimoja huku orodha ya asili ikiwa ubavuni.

Majedwali hayana shida kubwa. Orodha iliyapa kila moja namba ya tarakimu tano, na mahali yanapotajwa pana alama ya # pamoja na namba hiyo, kwa hiyo hayachanganyiki. Shida yao ni sura. Safu zake zimepangwa kwa nafasi tupu, na ukiyaonyesha kwa chapa ambayo herufi zake hazilingani upana, kama chapa ya gazeti hili, safu zote hupinda. Tumia chapa ya taipureta.

Kuna alama nyingine ambayo mgeuzaji asithubutu kuigusa: alama tatu za kuuliza mfululizo. Mtunzaji aliziweka mahali ambapo jambo halikujulikana bado, au lilishukiwa. Wapo wapenda usafi ambao wakiziona huzifuta, kadi ipendeze. Kufuta huko ni kusema uongo kwa niaba ya mtu mwingine, kwa kuwa shaka yake yeye imegeuka kuwa uhakika machoni pa msomaji.

Baada ya hayo yote kinachobaki ni kuvalisha nguo za chombo ulichokichagua. Katika msaada wa Windows, uliokuja na Windows 3.0 mwaka 1990, kila kadi ilikuwa ukurasa mmoja katika faili la namna ya RTF. Jina la kadi liliwekwa kama tanbihi yenye alama ya #, kichwa chake kama tanbihi yenye alama ya $, na maneno ya kutafutia kama tanbihi yenye herufi K. Kiungo kilipigiwa mistari miwili chini, na mara baada yake likaja jina la kadi inayokusudiwa, limeandikwa kwa maandishi ya kufichwa yasiyoonekana kwenye kioo. Ukipiga mstari mmoja badala ya miwili, kadi haikufunguka yote bali ilijitokeza katika dirisha dogo, kisha ikatoweka, na hilo lilifaa sana kwa majedwali mafupi. Alama za mabano ya mawimbi na mkwaju wa nyuma zina maana yao katika RTF, kwa hiyo zikitokea ndani ya orodha sharti zitanguliwe na mkwaju wa nyuma. Katika kurasa za mtandao ni alama za kuzidiwa na kuzidi pamoja na ile ya & ndizo za kuangaliwa. Asiyeziangalia ataona nusu ya kadi imetoweka.

Watu wengine wakishapata hazina nzuri huitupa orodha ya asili, wakiona haina kazi tena. Wasifanye hivyo. Microsoft waliondoa kisomaji cha faili za msaada za kale katika Windows Vista, iliyotoka mwaka 2007. Kwa muda waliruhusu watu wakichukue kando, lakini walipofika Windows 10 hawakukitoa tena. Basi mwenye hazina ya mwaka 1995 aliyeihifadhi hiyo peke yake anacho kisanduku kilichofungwa na ufunguo umepotea. Orodha ya Bwana Brown, ambayo ni maandishi matupu, yafunguka leo katika mashine yoyote, hata katika simu. Nayo bado ina wasomaji, ijapokuwa Windows za biti 64 haziendeshi tena programu za kale za DOS. Watu wa FreeDOS, kazi iliyoanza mwaka 1994, na watengenezaji wa programu zinazoiga mashine za zamani, bado wahitaji kujua kila fundi alikuwa akifanya nini.

Zoezi. Tuseme hazina yetu ina kadi tano tu: INT 10 AH=0Eh; INT 16 AH=00h; INT 21 AH=02h; INT 21 AH=09h; na INT 21 AH=0Eh. Ndani ya kadi ya INT 21 AH=09h mna mstari wa tazama pia wenye tajo nne, kwa mpango huu: AH=02h, INT 10/AH=0Eh, AH=0Eh, INT 29. Kanuni yetu ni kwamba tajo lisilotaja katizo hufuata katizo la kadi lilimo, wala si la tajo lililotangulia.

1. Andika kila tajo litafungua kadi gani, na lipi litaandikwa katika faili la makosa.

2. Mtu mwingine ameshika kanuni ya kufuata tajo lililotangulia. Ni kiungo kipi kitabadilika, na msomaji wake atadhani amefungua kazi gani?

3. Geuza INT 10, INT 16 na INT 2F kuwa hesabu ya kawaida.

4. Chukua kurasa mbili za kamusi yoyote ya Kiswahili iliyomo katika maktaba. Andika kila pahali kamusi inapokutuma kwenye neno jingine, ukafuate, uone kama neno hilo lipo kweli.

Swali la nne lafaa kufanywa na wanafunzi wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Majibu yaletwe kwa mwalimu wa hesabu kabla ya shule kufungwa.